Tunaotengeneza filamu za kampeni za afya: sisi tunaondoka, mhusika anabaki kijijini

Mshika Kamera (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kijana mmoja alinipigia simu akitaka nimwelekeze namna ya kutengeneza filamu ya kampeni kuhusu fistula. Kamera anayo, mfadhili amempata, na mama wa kumpiga picha ameshaonyeshwa. Nikamwuliza: huyo mama akishapona, akaolewa kwingine, filamu yako itamkuta wapi? Akakaa kimya. Simlaumu, maana mwaka 2014 na mimi nisingekuwa na jibu. Naandika hapa niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo kwenye simu hayakuenea.

Kwa wasioijua, fistula ya uzazi ni tundu. Mama anashikwa na uchungu, mtoto hapiti, na hakuna wa kumfanyia upasuaji. Siku ya kwanza inapita, ya pili, wengine mpaka ya tatu. Kichwa cha mtoto kinazibana nyama laini kwenye mifupa ya nyonga, damu haifiki, nyama inakufa na kuacha tundu kati ya kibofu na uke, mara nyingine kati ya uke na njia ya haja kubwa. Mtoto mara nyingi hufariki. Mama anabaki anavuja mkojo usiku na mchana, na majirani wanasema amerogwa au alitoka nje ya ndoa. Hakuna kati ya hayo. Tundu hilo linazibwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT pale Dar wanaifanya kazi hiyo bila kumtoza mgonjwa. Kuna wanawake wanaovuja miaka kumi kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba linazibika. Hiyo ndiyo habari ambayo filamu inatakiwa iifikishe.

Sasa yaliyotukuta. Tulitumwa mkoa wa Dodoma kutengeneza filamu ya dakika 22. Watu wanne, gari moja, wiki tatu. Tulirudi na saa 41 za picha, na ndani yake dada mmoja ambaye kila aliyemwona kwenye chumba cha uhariri alisema huyu ndiye. Jina lake sitalitaja, hata la bandia sitampa. Alikuwa amevuja miaka sita. Nyuma ya nyumba ya mama yake kulikuwa na kamba, na kwenye kamba kanga tisa na vipande vya shuka. Kila asubuhi anafua, kila asubuhi anaanika. Alipoanza kutusimulia alilia, na sisi tukamsogelea na kamera.

Fomu ya ridhaa ilikuwepo. Kurasa tatu za Kiingereza kutoka kwa mfadhili. Mkalimani aliieleza kwa Kigogo kwa dakika mbili, dada akaweka dole gumba. Kwa karatasi tulikuwa salama. Alichoelewa yeye, nami nilikuja kukijua baadaye sana, ni kwamba akikubali kupigwa picha ndipo atapelekwa hospitali. Angepelekwa hata kama angekataa. Hakuna aliyemwambia hivyo kwa maneno mepesi.

Filamu ilisifiwa. Ilionyeshwa kwenye ukumbi wa hoteli, watu walifuta machozi, kisha ikatembezwa vijijini kwa gari la sinema. Dada alitibiwa, akapona. Mwaka 2016 akaolewa kijiji cha mbali, ambako hakuna aliyejua habari zake. Gari la sinema likafika huko. Mama mkwe wake alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Nilipigiwa simu na mama mmoja anayejitolea kutafuta wagonjwa eneo lile. Nikasafiri. Yule dada hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini tulichagua siku ile ya kilio, na alikuwa na siku nyingine nyingi.

Swali hilo limebadilisha kazi yangu yote. Siku hizi ridhaa naiomba mara tatu. Ya kwanza kabla kamera haijatoka kwenye begi, na hapo mgonjwa ameshapangiwa matibabu, ameshaambiwa mbele ya shahidi wake kwamba akikataa picha matibabu hayaguswi. Ya pili baada ya uhariri wa kwanza: narudi na kompyuta, tunakaa ndani, yeye na mtu anayemwamini, naye anaiona filamu nzima yenye sauti kabla ya mfadhili. Ya tatu kabla haijaonyeshwa wilaya yoyote ambako ana ndugu. Na maswali siulizi ya kiofisi. Nauliza: akiiona mama mkwe? Akiiona mwanao akiwa darasa la saba? Ikiingia WhatsApp ambako mimi siwezi kuifuta? Wengine wanakubali hivyohivyo, tena kwa furaha. Wengine wanasema sauti ndiyo, uso hapana. Wapo wanaokataa, na ninarudi mjini bila filamu.

Jambo la pili ni nauli. Filamu yetu ya kwanza iliwaliza watu, na taa ya jenereta ilipowashwa mzee mmoja alisimama akauliza, haya, huko Dar binti yangu anafikaje? Filamu ilikuwa haina jibu, na jibu lilikuwepo! Tangu 2009 CCBRT wanatuma nauli kwa M-Pesa kwa balozi wao, yaani mtu anayewatafutia wagonjwa, aliye karibu na mgonjwa, balozi anakata tiketi, mgonjwa anapanda basi. Utaratibu mzuri kiasi hicho, na sisi dakika 22 tumezijaza machozi na muziki wa huzuni. Toleo la pili tulilipanga kuanzia mwisho: mtazamaji akiamka kesho asubuhi anampigia nani, anabeba nini, anapokewa na nani stendi. Theluthi nzima ya filamu ni safari hiyo. Mhariri wangu alilalamika kwamba inachosha. Watu wa vijijini ndiyo sehemu waliyoomba irudiwe.

Jambo la tatu, haraka. Tarehe 23 Mei ni siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula, inaadhimishwa tangu 2013. Ikifika Machi simu za wafadhili zinaanza, kila mmoja anataka filamu iwe tayari Mei. Ridhaa tatu haziingii ndani ya miezi miwili. Kataeni, au ombeni muda.

Karibuni wenye uzoefu, hata wa magonjwa mengine.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, nimesoma mpaka mwisho. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, na filamu za aina hiyo nimeziona nyingi. Nina mawili.

La kwanza, filamu zenu huishia mama anapotoka hospitali na kanga mpya, anatabasamu, muziki unapanda. Hamsemi kwamba baada ya upasuaji anakaa na mpira wa mkojo kama wiki mbili. Hamsemi kwamba akirudi nyumbani asikutane na mwanamume kwa miezi kadhaa ili kidonda kishike. Na kubwa kuliko yote, hamsemi kwamba mimba inayofuata azae hospitali, kwa upasuaji. Nimempokea mama aliyeshonwa akapona kabisa, akabeba mimba, akakaa kwao kwa sababu alijiona mzima. Alirudi kwetu anavuja upya. Alikuwa ameiona sinema. Sinema ilimwambia kwamba ameshapona, basi.

Semeni pia kwamba si kila anayeshonwa anakauka mara ya kwanza. Wapo wanaorudi mara mbili au tatu, na wapo ambao tundu limeziba lakini mkojo bado unatoka. Hao wakiona filamu ya mtu aliyepona kwa siku moja wanaamini tena kwamba wao ndio wenye laana.

La pili, kwenye filamu zenu mkosaji ni mkunga wa jadi au mume mkaidi. Sikatai, wapo. Lakini sisi tunafundishwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Filamu zinapiga picha ule wa kwanza tu, kwa sababu mama na mume wake hawana wa kuwatetea. Zahanati isiyo na chumba cha upasuaji, gari la wagonjwa lisilo na mafuta, nesi mmoja zamu ya usiku na wazazi sita, chati ya kufuatilia uchungu haijajazwa. Hayo mnayapita.

Na kuhusu kesho asubuhi ufanye nini, hilo si jipya. Mwaka 1973 nilikuwa msichana wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Tulikaa chini ya mwembe na redio moja, kipindi kikiisha kiongozi wa kikundi anafungua kitabu na kuuliza: sasa kijiji chetu kitafanya nini? Choo kilichimbwa wiki hiyohiyo. Watu karibu milioni 2 nchi nzima walikuwa kwenye vikundi vile. Picha haikuwepo hata moja.

Mshika Kamera

Shikamoo mama. Hilo la mimba inayofuata limenichoma, maana toleo letu la pili nalo halina. Tunalo kwa maneno ya daktari, nusu dakika, ya haraka, kwa Kiswahili cha hospitali. Nitalitafutia mtu wa kulisimulia mwenyewe, aliyezaa salama baada ya kushonwa.

Kuhusu zahanati, ukweli wake ni huu. Kuingia na kamera kwenye kituo cha serikali kunahitaji barua ya mkurugenzi wa halmashauri, na barua hiyo hupatikana kwa urahisi ukisema unapiga picha ya huduma nzuri. Nyumbani kwa mama maskini unaingia kwa salamu tu. Ndivyo lawama inavyoishia kwake bila mtu yeyote kukaa na kupanga. Sikuwa nimeliona hivyo mpaka uliposema.

Mwana wa Usambara

Niongeze historia kidogo, kwa sababu hii tabia ya kumfanya mwanakijiji awe mkosaji ina umri mrefu hapa kwetu. Mwaka 1935 hadi 1937, kule Vugiri, milima ya Usambara, Waingereza Notcutt na Latham waliendesha mradi wa majaribio ya sinema ya elimu kwa Waafrika, fedha zikitoka shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu kama 35, na afya ilikuwemo, ikiwemo filamu ya safura. Picha zilikuwa bila sauti, maelezo yakachezwa kwa santuri ili kila mahali yabadilishwe lugha, na lori likazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo).

Wazo la santuri lilikuwa zuri, lugha ya wenyeji ilipewa nafasi yake. Lakini sinema za elimu za kikoloni zilipenda kisa kimoja: mtu mwerevu anasikiliza ushauri na kufanikiwa, mjinga anakataa na kuangamia. Sasa tazama filamu za kampeni za leo, zenye droni na kamera za bei kali. Mama wa kwanza alikwenda kliniki, wa pili hakwenda. Kisa kilekile. Sitaki kusema waliotengeneza ni watu wabaya. Nasema kisa hicho kinajileta chenyewe usipokizuia.

Sauti ya Redio

Mkuu mleta mada, nakuheshimu, ila swali langu ni hili: kwa nini umpige picha mtu halisi kabisa? Mwaka 1993 Radio Tanzania walianzisha mchezo wa Twende na Wakati. Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake kila kituo, mwishowe akafa kwa UKIMWI. Nchi nzima ilimjua Mkwaju. Na athari yake ilipimwa kwa njia ya maana: mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vingine muda huo mpaka 1995, hivyo watafiti waliweza kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Upande waliousikia, uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI vilisogea mbele zaidi. Mkwaju hakuwa na mama mkwe wa kumwaibisha. Tumieni waigizaji, mhusika abaki na heshima yake.

Mshika Kamera

Nimelifikiria hilo sana, na kwa mambo mengi nakubaliana nawe. Kama unataka mtu abadili tabia, mchezo wa kuigiza una nafasi ambayo sisi hatuna. Msikilizaji anakaa na Mkwaju miezi na miezi, anamwona anavyojiharibu.

Fistula ina ugumu wake. Mgonjwa haamini kwamba inatibika. Tulijaribu kipande cha kuigiza, dakika nane, na waigizaji wazuri kutoka mjini. Wanawake walitazama, mmoja akasema huyo si mgonjwa, huyo amelipwa. Aliposimama mama wa kata ya jirani, wanayemjua kwa sura na kwa jina la baba yake, akasema mimi nilivuja miaka kumi na moja na leo nimekaa kwenye kiti hiki na hakuna aliyehama, hapo ndipo watu walipouliza namba ya simu. Kwa hiyo mtu halisi nadhani tunamhitaji. Awe aliyekwisha kupona, aliyejichagulia mwenyewe kusema, na asimulie kule anakotaka kusimulia. Mara nyingi hata filamu haihitajiki, anatosha yeye na maiki.

Jomvu Kuu

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nitakwenda kinyume kidogo, muniwie radhi.

Hapa kwetu kuna mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa ukutani kwa watu, moshi na maji yake vikawaingia majumbani. Madini ya risasi yakakutwa kwenye damu za watoto, na WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama mwilini. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi humo na mwanawe akaugua, ndiye aliyesimama mbele. Kiwanda kilifungwa 2014, yeye akapata tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na Julai 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya rufaa ikaitengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Nisemalo ni hili. Katika vita kama hivyo kuficha uso humfaa mwenye kiwanda. Asiye na uso ni rahisi kukanwa: watasema hayupo, watasema ameugua kitu kingine. Mama akisema jina langu ni fulani, nyumba yangu ni ile, na hiki hapa cheti cha damu ya mwanangu, hapo ndipo pazito. Waliojitokeza kwetu walitishwa, na bado walitaka majina yao yatajwe. Kwa hiyo pima, kaka. Kuna ugonjwa ambao jamii inamwonea haya mgonjwa, na kuna ugonjwa ambao mtu ameletewa na mwingine mwenye nguvu. Kamera haikai mahali pamoja kwa yote mawili.

Na kwa anayepiga filamu ya namna hii: nakala za vipimo vya maabara, tarehe, barua za malalamiko zenye muhuri wa kupokelewa, zipige picha zote siku ya kwanza. Karatasi hupotea. Filamu inakuwa ushahidi.

Kirumba Juu

Mwanza hapa. Ile filamu ya Mwaustria Hubert Sauper kuhusu sangara, Darwin's Nightmare ya 2004, ilifika mpaka kuteuliwa kuwania Oscar 2006. Mwaka huohuo Rais Kikwete aliikemea hadharani na watu wakaandamana mjini. Nitaje kitu kimoja tu, mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Filamu iliyaonyesha kama uchafu wanaoachiwa watu maskini baada ya minofu kupelekwa Ulaya. Kuna ukweli ndani yake, minofu ilikuwa inaondoka. Lakini mama yangu alikaanga na kuuza mapanki, akatusomesha. Kwake ilikuwa biashara yenye wateja, na alijua panki zuri na bovu kwa kuligusa. Mtazamaji wa Paris aliona funza, hakumwona mfanyabiashara. Na waliobaki kuulizwa maswali magumu ni wenyeji waliozungumza mbele ya kamera; Sauper alishaondoka. Mada yako imenikumbusha hilo.

Mshika Kamera

Jomvu Kuu, nimekubali. Nilikuwa naandika kama mtu wa fistula tu. Nadhani kinachobaki kwenye mifano yote miwili ni kwamba uamuzi wa uso ni wa mhusika, awe ameutoa uso au ameuficha, na aujue vizuri mzigo anaoubeba. Watu wa Owino Uhuru walijua wanapigana na nani. Dada yule wa Dodoma hakujua hata filamu ingeenda wapi.

Mkuu wa Kirumba, kisa cha mama yako naomba nikisimulie kwa vijana ninaowafundisha, bila kutaja mahali.

Binti Kasulu

Samahani kaka, mimi ndiyo naanza. Natumia simu tu na maiki ya kubana kwenye nguo. Nataka kufanya filamu fupi ya wajawazito wanaotembea kwenda kituo cha afya kwetu Kigoma. Nianzie wapi? Na yule dada ilikuwaje mwisho wake, mbona umekatisha?

Mshika Kamera

Dada, simu inatosha. Tafuta sauti safi, upepo wa kwenu utakusumbua, funga maiki kwa kipande cha pamba. Kabla ya picha yoyote tembea njia hiyo mara moja bila kamera, na mama mmoja, mchana wa jua. Hesabu saa. Uliza mvua ikinyesha wanapita wapi. Zungumza naye kwa Kiha, na kwenye filamu umwache aseme Kiha, maandishi ya Kiswahili yapite chini. Mtu akisimulia uchungu wake kwa lugha ya kuazima anafupisha. Na nenda kwa mtendaji wa kijiji mapema, barua mkononi, usisubiri aje kukuuliza.

Yule dada. Nilichofanya kwanza ni kuirudisha filamu. Nakala za gari la sinema zilirudi zote, nilihesabu mwenyewe. Zilizoingia kwenye simu za watu sikuweza kuzirudisha, na nilimwambia hivyo. Mumewe hakumwacha. Mama mkwe alikaa muda bila kula chakula alichopika dada, kisha yakapita. Kwa undani sijui, sikuona kama nina haki ya kuuliza.

Tulipofika toleo la pili sikumwomba chochote. Yeye ndiye aliyetuma ujumbe kupitia kwa balozi kwamba ana sehemu yake anataka iwemo. Nikaenda. Hakutaka uso. Alitaka tupige picha shamba lake la uwele siku ya kuvuna, mikono yake ikikata masuke, na juu yake sauti yake kwa Kigogo ikieleza namna ya kufika hospitali: basi la saa ngapi, kituo gani cha kushuka, upokewe na nani, ubebe kanga ngapi. Alizungumza dakika nne bila kusimama. Sikukata hata neno.

Mwishoni mwa sehemu yake kuna namba ya simu ya balozi. Namba hiyo ilifungwa mwezi uliopita, balozi amebadilisha laini. Leo nimeshinda nairekodi mpya, na kesho naanza kuzunguka wilayani kubadilisha nakala, moja baada ya nyingine.